Nani Alikula Jasho la Rodriguez?

Na Mwandishi Wetu

Kila mfanyakazi aliyepata kuachishwa kazi anaijua siku ile. Barua imo mfukoni, watoto nyumbani wanaingojea sikukuu, naye anapita njia ndefu kurudi kwake ili apate muda wa kupanga maneno atakayomwambia mama watoto. Habari ya namna hiyo ndiyo inayofungua "Cause", wimbo wa mwisho katika santuri ya pili ya mwimbaji wa Marekani, Sixto Rodriguez: mtu amepoteza kazi yake, na Krismasi imebakiza majuma mawili tu. Santuri hiyo, iitwayo Coming from Reality, ilitoka mwezi Novemba mwaka 1971. Majuma mawili kabla ya Krismasi ya mwaka ule ule, kampuni iliyoitoa ilimwambia Rodriguez mwenyewe kwamba haimhitaji tena.

Wapo wanaosema kwamba alijitabiria. Mwandishi wa makala haya haoni utabiri hapo. Rodriguez alikuwa ametunga jambo alilokuwa akiliona mtaani kwake mwaka hadi mwaka, na zamu yake ikafika.

Santuri yenyewe ina nyimbo kumi. Haikuuzika. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi ilidhaniwa huko kwao kuwa kitu kilichokwisha kutupwa, na mtunzi wake alikuwa akibomoa nyumba kwa nyundo ili watoto wake wale. Wakati huo huo, katika nchi nyingine kusini kabisa mwa bara letu, watu walikuwa wakiinunua kwa maelfu. Ndiyo maana swali la makala haya limewekwa juu kabisa, mahali pa kichwa.

MTOTO WA SITA

Rodriguez alizaliwa tarehe 10 Julai, 1942, katika mji wa Detroit, jimbo la Michigan. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya Mexico, na jina la Sixto alipewa kwa sababu yeye ni mtoto wa sita. Detroit ndio mji wa magari. Ford, General Motors na Chrysler zilikusanya huko wafanyakazi kutoka kila upande: watu weusi waliokimbia mashamba ya kusini mwa Marekani, Wazungu maskini wa milimani, na Wamexico kama baba yake. Mwezi Julai mwaka 1967 ghadhabu ya watu weusi wa mji huo dhidi ya polisi na maisha duni ililipuka, na watu 43 wakapoteza maisha. Rodriguez alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Mtu asiyeyajua hayo atazisikia nyimbo zake kama manung'uniko ya mlevi.

Hakuwa na bendi. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, akapiga gitaa lake mwenyewe katika vilabu vya pombe vya kando ya mto, mara nyingi akiwa amewapa wasikilizaji mgongo. Watayarishaji wawili wa muziki, Dennis Coffey na Mike Theodore, walimkuta katika kilabu kimojawapo, na kazi waliyoifanya pamoja ikawa santuri ya kwanza, Cold Fact, iliyotoka mwaka 1970. Kampuni iliyoitoa iliitwa Sussex. Haikuwa moja ya makampuni makubwa ya Marekani, na mwenyewe alikuwa Clarence Avant, Mmarekani mweusi aliyejipenyeza kwa akili yake katika biashara iliyotawaliwa na Wazungu.

Santuri hiyo ya kwanza haikwenda popote nchini Marekani. Kwa kawaida mambo yangeishia hapo.

LONDON

Hayakuishia hapo kwa sababu ya Steve Rowland, Mmarekani aliyekuwa akitayarisha muziki mjini London. Rowland aliisikia Cold Fact, akavutiwa, akataka yeye ndiye atengeneze santuri itakayofuata. Basi fundi wa mtaani kutoka Detroit akavuka bahari na kuingia katika studio za Lansdowne, mahali penye vyombo vya kisasa na wapigaji wa kulipwa. Gitaa la umeme lilipigwa na Chris Spedding, kijana aliyekuwa akitafutwa sana na studio za London siku hizo. Phil Dennys alishughulikia mpango wa muziki.

Tofauti baina ya santuri hizi mbili husikika mara moja. Ya kwanza ina vumbi la Detroit, na ndani yake kuna sauti za ajabu ajabu za vyombo vya umeme. Ya pili imepigwa pasi. Kuna vinanda na fidla nyingi, na sauti ya mwimbaji imewekwa karibu kama mtu anayeongea nawe mezani. Wapo wapenzi wa Rodriguez wasioipenda kwa sababu hiyo hiyo. Wanasema London ilimvika suti isiyo yake. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Katika nyimbo mbili tatu fidla zimemwagwa kama sukari katika chai ya wageni. Lakini mahali ambapo mpango huo umefaulu umefaulu kweli, na sidhani kuwa Cold Fact ina wimbo unaoufikia ule wa mwisho.

Wimbo wa kwanza, "Climb Up on My Music", ni wa kuchangamsha, na gitaa la Spedding linapewa nafasi ya kutosha kutamba. Unaofuata, "A Most Disgusting Song", ni wa namna nyingine kabisa. Humo Rodriguez haimbi hasa, anasimulia. Anatuzungusha katika vilabu alivyopata kupiga muziki na kutuonyesha watu wanaoketi humo, mmoja mmoja, kila mtu na kisa chake, kila mtu na uongo wake. Anayekaa Magomeni au Manzese atawatambua wote, ingawa hawa ni Wamarekani. Upo pia wimbo wa mapenzi, "I Think of You", usio na hila yoyote, na upo wimbo unaowafanyia mzaha watu wa vitongoji vya wenye nafasi. Mwingine, "Sandrevan Lullaby – Lifestyles", una jina lililounganishwa kutokana na majina ya binti zake wawili. Unaanza na fidla peke yake, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto, na baadaye maneno yanapoingia yanahusu Marekani na maradhi yake. Mzazi anayetazama watoto waliolala huku akiwaza bei ya mkate ataelewa kwa nini mambo hayo mawili yamewekwa katika wimbo mmoja.

Kisha ndio "Cause". Gitaa, fidla kwa mbali, na mtu anayehesabu hasara zake bila kupandisha sauti. Miaka arobaini baadaye Rowland aliusikiliza tena mbele ya kamera, na ilikuwa dhahiri kwamba bado unamchoma. Yeye alijua yaliyompata mtunzi baada ya hapo.

WAWILI KATIKA NYUMBA MOJA

Kwa nini ilishindwa? Watu wametoa majibu mengi. Wengine hulitaja jina: mwaka 1971 stesheni za redio za Marekani zilikuwa na mahali pa Mzungu mwenye gitaa na mahali pa mtu mweusi mwenye bendi, lakini hazikujua zimweke wapi mtu anayeitwa Rodriguez asiyeimba Kihispania. Wengine husema mwenyewe hakuwa mtu wa kujitangaza, na mtu anayewapa wateja mgongo hawezi kutegemea wamkumbuke sura.

Lakini tazama jambo hili. Mwaka huo huo wa 1971, kampuni hiyo hiyo ya Sussex ilitoa santuri ya kwanza ya Bill Withers. Huyu naye alikuwa mfanyakazi. Alikuwa akitengeneza vyoo vya ndege kiwandani, na picha ya jalada la santuri yake inamwonyesha akiwa kazini, amebeba sanduku la chakula cha mchana. Wimbo wake "Ain't No Sunshine" ulienea dunia nzima. Nyumba moja, mwaka mmoja, watu wawili wa mikono migumu. Mmoja akapaa na mwingine akarudishwa mtaani. Sidhani kuwa kipaji peke yake kinatosha kueleza tofauti hiyo. Kampuni yenye fedha kidogo huweka fedha hizo pale inapoona zinarudi haraka, na Rodriguez hakuwa pale.

Naye alirudi kazini. Alifanya kazi za kubomoa majengo, kusafisha na kukarabati nyumba, kazi za vumbi na za kubeba. Waliofanya kazi naye wamesimulia kwamba aliweza kufika mahali pa kubomoa nyumba akiwa amevaa suti, kama mtu anayekwenda arusini, akashika nyundo na kuanza. Alisoma pia. Mwaka 1981 alipata shahada ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Wayne State, huko huko Detroit. Aligombea nafasi za uongozi wa mji zaidi ya mara moja, na hakuchaguliwa. Nyumba aliyokaa kwa miongo kadhaa aliinunua katika mnada wa serikali, na bei inayotajwa ni dola 50.

KATIKA NCHI YA MAKABURU

Sasa tugeukie upande wa pili wa habari hii. Mapema katika miaka ya 1970 nakala za Cold Fact zilifika Afrika Kusini, zikashika moto miongoni mwa vijana wa Kizungu. Mwaka 1976 santuri ya pili nayo ilitolewa huko, ikiwa imebadilishwa jina na kuitwa After the Fact. Mwaka 1976, tukumbuke, ndio mwaka wa Soweto.

Vijana hao walikuwa watu gani? Wengi walikuwa wakiandikishwa jeshini kwa lazima na serikali ya ubaguzi, na kutoka mwaka 1977 muda wao wa kutumikia ulikuwa miaka miwili. Walipelekwa Namibia na Angola kupigana na watu waliokuwa wakitaka uhuru wao. Huko kambini, usiku, wengi walimsikiliza Rodriguez. Shirika la utangazaji la makaburu halikupenda. Filamu iliyotengenezwa baadaye inaonyesha nakala ya santuri iliyokwaruzwa kwa makusudi ili wimbo mmoja usiweze kupigwa redioni. Inasemekana kwamba nyimbo hizo ziliwafanya baadhi ya vijana waanze kuhoji amri za wakubwa wao, na baadhi ya wanamuziki wa Kiafrikaans waliopinga ubaguzi wamekiri kwamba walijifunza kwake.

Mwandishi huyu anayakubali hayo, ila kwa kiasi chake. Miaka ile ile vijana wengine wa Afrika Kusini, wale waliokimbia risasi za Soweto, walikuwa Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ANC kilianzisha shule ya Solomon Mahlangu mwaka 1978 kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Katika filamu ninayoitaja hawaonekani, wala hawaonekani baba na mama zao. Mtu anaweza kuitazama hadi mwisho akadhani ubaguzi uliangushwa na gitaa. Rodriguez mwenyewe hakudai jambo kama hilo. Hakujua hata kwamba anasikilizwa.

Naam, hakujua. Wasikilizaji wake nao hawakumjua. Ilivumishwa kwamba alikufa. Wengine wakasema alijipiga risasi jukwaani, wengine kwamba alijichoma moto mbele ya watazamaji. Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, wasanii wa nje walikatazwa kwenda, habari zilikuwa zikichujwa, na uvumi katika hali hiyo hustawi kama magugu wakati wa masika.

KARATASI NDANI YA SIDII

Jambo lililoyabadilisha mambo lilitoka katika santuri ile ile ya pili. Mwaka 1996, miaka miwili baada ya uchaguzi wa kwanza huru, Coming from Reality ilitolewa Afrika Kusini katika sidii. Maelezo ya ndani yaliandikwa na Stephen Segerman, mpenzi na mwuza santuri wa Cape Town, naye humo akauliza kama kuna mpelelezi yeyote wa mambo ya muziki atakayeweza kueleza Rodriguez ni nani na amepatwa na nini. Mwandishi wa habari Craig Bartholomew Strydom alikuwa akitafuta jambo hilo hilo. Wakaungana.

Strydom alizipekua nyimbo kama polisi anayepekua mifuko. Katika wimbo mmoja wa santuri ya kwanza mna jina la Dearborn. Dearborn ni mji ulio ubavuni mwa Detroit, nyumbani kwa Ford. Kutoka hapo alimfikia Mike Theodore, mtayarishaji wa zamani, mwaka 1997, akamwuliza Rodriguez alikufaje. Jibu lilikuwa kwamba hakufa. Binti mmoja wa Rodriguez naye aliona ujumbe wa watafutaji katika intaneti, akawajibu. Mwezi Machi mwaka 1998 fundi wa kubomoa nyumba, mwenye umri wa miaka 55, alisimama mbele ya maelfu ya watu katika ukumbi wa Bellville, karibu na Cape Town, na watu hao walikuwa wakiimba naye neno kwa neno. Safari hiyo safari ilikuwa halali. Afrika Kusini ilikuwa huru, na Rais wake alikuwa Nelson Mandela.

Filamu ya Searching for Sugar Man, iliyotengenezwa na Msweden Malik Bendjelloul, ilionyeshwa mwaka 2012, na mwaka 2013 ikapata tuzo ya Oscar. Ni filamu ya kutoa machozi. Lakini imeruka jambo moja kubwa: Rodriguez alikuwa amekwisha kupendwa Australia tangu miaka ya 1970, na alikwenda kuimba huko mwaka 1979 na tena mwaka 1981. Kwa hiyo hakuwa amesahauliwa kabisa na ulimwengu, wala hakuwa amelitundika gitaa lake tangu 1971. Msimuliaji akiona ukweli unamharibia hadithi hushawishika kuusogeza kando. Sisi wa magazeti hatuna haki ya kumcheka sana.

FEDHA ZILIKWENDA WAPI?

Filamu inataja kwamba nakala zipatazo nusu milioni ziliuzwa Afrika Kusini. Hata mtu akikata hesabu hiyo nusu, bado ni mali. Mtunzi wa wimbo hulipwa mirabaha, yaani sehemu ya bei ya kila nakala inayouzwa, na mwimbaji hulipwa sehemu yake. Katika miaka yote ile Rodriguez hakupata kitu kutoka Afrika Kusini.

Makampuni ya huko yalisema kwamba yalipeleka fedha Marekani kwa Sussex. Sussex ilifungwa mwaka 1975. Bwana Avant, alipoulizwa mbele ya kamera, alikasirika, na jibu alilolitoa halikueleza fedha zilikoishia. Ni haki kuongeza kwamba Avant aliheshimiwa sana na wasanii weusi wa Marekani, wengi wao akiwa amewafungulia milango. Mwaka 2014 mgogoro wa nani anamiliki nyimbo za santuri ya kwanza ulifika mahakamani, na hapo wananchi wa kawaida waliona jinsi jambo lilivyo: majina ya kubuni kwenye karatasi, mkataba huu na mkataba ule, makampuni yaliyokufa na yaliyorithiwa. Mtu aliyetunga wimbo anaweza kuwa wa mwisho kuulizwa.

Malipo ya maana yalianza kumfikia baada ya kampuni ndogo ya Seattle, Light in the Attic, kuzitoa upya santuri zake, ya kwanza mwaka 2008 na ya pili mwaka 2009. Alikuwa na umri wa miaka 66. Watu wa karibu wamesema kwamba sehemu kubwa ya fedha alizozipata aliwagawia jamaa na rafiki zake, naye akabaki katika nyumba yake ile ile, katika mtaa ule ule.

Rodriguez alifariki tarehe 8 Agosti, 2023, akiwa na umri wa miaka 81. Clarence Avant alifariki siku tano baadaye, tarehe 13 Agosti, akiwa na umri wa miaka 92.

Msomaji atakayeitafuta Coming from Reality ajue kwamba sidii ya mwaka 2009 ina nyimbo kumi na tatu. Tatu za mwisho zilirekodiwa Detroit mwaka 1972 pamoja na Coffey na Theodore, kwa ajili ya santuri ya tatu ambayo haikupata kukamilika. Ni nyimbo nzuri, na afadhali ziliokolewa. Hata hivyo mimi huzima mashine baada ya wimbo wa kumi.